Mlo wa Mwenye Tiketi

Mfungaji saumu ana futari jua linapozama na daku usiku wa manane. Aliyeamka ana staftahi, au kisebeho kama alilelewa na wazee wa pwani, au kifungua kinywa akiwa Dodoma na kiamshakinywa akiwa Nakuru. Anayekula asubuhi kilichobaki usiku ana kiporo, akitaka kuonyesha ustadi atakiita mwiku, na Mombasa watamwambia ni bariyo. Karani wa Nairobi ana chai ya saa kumi, mlo ambao saa imegeuka kuwa jina lake. Lugha iliyoigawa siku kwa uangalifu huo imemsahau mtu mmoja: yule aliyekata tiketi ya mchezo wa kuigiza, akavaa vizuri, na anataka kushiba kabla pazia halijafunguliwa.

Nimelifikiria jambo hili tangu ukoo wetu ulipoamua kumpeleka shangazi Kenya National Theatre, Jumamosi moja ya masika, kusherehekea miaka yake sabini. Tiketi zilinunuliwa bila ugomvi. Mjadala ulizuka katika kikundi cha WhatsApp pale mtu alipouliza tutakula wapi, na kila aliyejibu alileta nomino yake: hoteli, mkahawa, restorani, mahali pa choma, kibandaski. Nilianza kusoma nikiwa na njaa, nikamaliza nikiwa na udadisi, kwa sababu watu hawa hawakuwa wakibishania chakula. Wote wanapenda pilau. Walikuwa wakibishania maneno, na kila neno lilibeba bei yake, viatu vyake na muda wake wa kungoja.

Hata sherehe yenyewe haina jina lililotulia. “Siku ya kuzaliwa” ni maelezo zaidi kuliko jina, ndiyo maana vijana waliikimbia wakashika “bethidei”. Shangazi naye hana siku. Kitambulisho chake kinasema 1 Januari, tarehe waliyopewa wazee wengi wa Kenya waliofika mbele ya karani wakiujua mwaka tu. Anachojua ni kwamba mvua ya masika ilikuwa imeshika, kwamba ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na kwamba mama yake alikuwa shambani akipalilia. Kwa mtu wa namna hiyo kitenzi kinafaa kuliko nomino: anatimiza miaka. Ndicho kitenzi cha ahadi na wajibu, nacho hakiulizi tarehe.

Kuzaliwa kwa mmoja tu ndiko Kiswahili kimekupa neno kamili, nalo ni maulidi. Neno hilo limetoka katika Kiarabu na linahusu kuzaliwa kwa Mtume, ila pwani limekua likawa jina la usomaji, la kasida, la matari, la mkusanyiko mzima. Lamu maulidi huvuta wageni kila mwaka kwenye msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh. Sasa tazama mpangilio wake, kwa sababu hapo ndipo jibu la swali langu lilipojificha. Kwanza husomwa, kisha huliwa. Hitima ni hivyo hivyo, nikahi pia: hutangulia maneno, na sinia za pilau huja mwisho, zikibebwa na watu wa mwenye shughuli. Katika taarabu ya harusini, mwenye shughuli ndiye anayewalisha waalikwa na ndiye aliyewaita waimbaji. Tumbo la mgeni si kazi ya mgeni.

Jumba la maigizo limekata uhusiano huo. Unalipa mlangoni, unaketi kwenye kiti chenye nambari, na hakuna mtu humo ndani anayejali kama umekula. Mwenye tiketi hana mwenye shughuli. Ndipo mlo wa kabla ya onyesho ukawa yatima wa lugha: katika desturi zetu chakula kilikuwa sehemu ya onyesho, na hakuna aliyehitaji kukipa jina la peke yake.

Wenzetu wa London na New York wameishi na utengano huo kwa muda mrefu, nao waliutatua kwa menyu. Karibu na kumbi za West End, ambako maonyesho mengi ya usiku huanza saa moja na nusu, migahawa ina orodha fupi ya mapema: vyakula vichache, bei moja, na mhudumu anayekuuliza pazia ni saa ngapi kabla hajakuuliza utakunywa nini. New York, Mtaa wa 46 kati ya Barabara ya Nane na ya Tisa umejaa sehemu za kulia zinazowategemea watazamaji wa Broadway hivi kwamba mtaa wenyewe unaitwa Restaurant Row. Hapo jina la mlo ni la kibiashara tu, “kabla ya thieta”, na linatosha kwa sababu jiko zima limepangwa kulitii. Jina hilo ukilileta Nairobi bila jiko lake, umeleta kibao bila duka.

Na hilo neno thieta lina balaa lake. Kwa Wakenya wengi, mtu “aliyeingizwa thieta” yuko chini ya kisu cha daktari, na jamaa wako nje wakiomba. Mmoja wetu aliandika kwamba shangazi atapitia hotelini kisha apelekwe thieta, na binamu aliye Eldoret akapiga simu kwa sauti ya msiba. Ikabidi tutafute neno jingine. “Mchezo” halikufaa zaidi. Shangazi mwenyewe aliposikia kuna mchezo Jumamosi aliuliza nani na nani, akidhani tunampeleka Kasarani. “Drama” hapa kwetu ni tamasha la shule, au ni jirani anayerusha sufuria. “Tamthilia” ni neno zuri lenye ukoo wa Kiarabu, lakini mtoto wa Kenya akilisikia huona mtihani: huona Kigogo ya Pauline Kea, huona Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, huona swali la alama ishirini kuhusu maudhui. Ukivuka mpaka ukafika Dar es Salaam, neno hilo limehamia kwenye runinga, na tamthilia ni kile kinachomzuia dada asijibu simu saa tatu usiku.

Tulikubaliana juu ya “onyesho”. Kwangu hilo ndilo bora kuliko yote, wala si kwa sababu ya usanifu. Limetokana na kuona, na hata Wagiriki walipoliita jengo lao theatron walimaanisha mahali pa kutazamia. Kuhusu jengo letu, “ukumbi” halina mpinzani. Katika nyumba ya Mswahili ukumbi ni ile sehemu ya mbele inayompokea mgeni kabla hajakaribishwa ndani. Yaani umefika, umeketi, hujalishwa. Sidhani aliyelihamisha neno hilo kwenda kwenye jumba la maigizo alikuwa na nia hiyo, ila limekaa sawasawa.

Ukumbi wenyewe tuliokuwa tunauendea ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa, na kwa muda mrefu neno “kitaifa” katika jina lake lilikuwa la kubishaniwa. Mwaka 1976 waandaaji wa The Trial of Dedan Kimathi, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, walipigania siku za kulitumia jukwaa wakapewa chache, huku nafasi nyingine zikiwa zimeshikwa na maonyesho ya kigeni. Leo Jumamosi za hapo mara nyingi ni za vichekesho vya Kiingereza na Kiswahili kilichochanganywa na Sheng, onyesho la kwanza likianza saa tisa alasiri na la pili saa kumi na mbili na nusu.

Saa hiyo ndiyo iliyovuruga kila kitu. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka saa kumi na mbili na nusu, ukaondoa muda wa kutembea, wa kupanga foleni na wa kumpeleka mzee msalani, mlo wako unaanguka saa kumi. Hicho si chakula cha jioni kwa kipimo chochote. Si “chajio” pia, neno lililofinyangwa kutoka chakula cha jioni kwa mtindo uliotupa “chamcha” kutoka chakula cha mchana. Nakiri siyapendi haya mawili. Chajio linavumilika, nimeliona kwenye ratiba za semina, lakini sijawahi kumsikia mume akimwuliza mkewe chajio ni nini leo. Chamcha ni baya zaidi: kwa Kihindi chamcha ni kijiko kikubwa, na vilevile ni mtu anayejipendekeza kwa wakubwa, ambaye sisi kwa bahati tunasema anajikomba. Kwa hiyo mlo wetu ulikuwa umetua kwenye eneo la chai ya saa kumi, na chai ya saa kumi ina maandazi, haina nyama wala keki ya mishumaa.

Nikarudi kwenye nomino za mahali, maana sasa swali lilikuwa ni nani atakayetulisha mlo mkubwa katika saa ya maandazi.

Hoteli ilikuwa ya kwanza, na aliyeipendekeza ni shangazi. Wageni hushangaa kuona Kenya imejaa hoteli zisizo na vitanda. Hoteli ya shangazi ina meza za plastiki, birika la maji ya kunawa mlangoni, menyu iliyopakwa rangi ukutani, na chapati zilizokunjwa kwenye kabati la kioo. Anayetaka kulala hutafuta lojing'i. Huu si upotofu wa watu wasiojua Kiingereza kama walimu fulani walivyotuambia, kwani India nako hoteli ni mahali pa kula, na mizizi ya neno inaturuhusu. Lilitoka kwa Kilatini hospes, mgeni na mwenyeji kwa pamoja, na limezaliwa tumbo moja na hospitali. Ajabu ni kwamba hoteli yenye vitanda, Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904, iko ng'ambo tu ya Barabara ya Harry Thuku kutoka ukumbini. Ingekuwa rahisi kuvuka barabara. Lakini mpwa wangu alituma picha ya bei, na mjomba akakumbusha yaliyosimuliwa kuhusu Machi 1922: umati uliokuja kudai Thuku aachiliwe ulipigwa risasi na polisi, na wanahistoria wameandika kwamba walowezi waliokuwa kwenye veranda ya hoteli hiyo nao walifyatua. Mjadala wa Norfolk ukaishia hapo. Sina hakika kama ni historia iliyouzima au ni bei.

Mkahawa ulipendekezwa na wale wa umri wangu. Mkahawa, au mgahawa kama watu wa Tanzania wapendavyo, ulizaliwa na kahawa, na zamani usingeutarajia ukupe wali. Kahawa ya pwani yenyewe haikuhitaji jengo: ilikuja na dele la shaba, makaa chini, vikombe visivyo na mkono vikigonganishwa, na kashata pembeni. Neno likapanuka likabeba sahani, uma, muziki wa chini. Halafu mwaka 1999 Java House ikafungua mlango wake wa kwanza Nairobi, na kwa wakazi wengi wa jiji mkahawa ukarudi ulikotoka, kwenye kahawa, isipokuwa sasa kahawa ina povu na intaneti. Kwa mwenye tiketi mkahawa una sifa moja kubwa, kwamba hakuna anayekushangaa ukila saa kumi. Una kasoro pia: watu wa umri wa shangazi huona chakula chake kama kitu cha kushikia njaa ukingoja kula.

Restorani ni neno la mpwa wangu mkubwa, aliyeajiriwa juzi na ana pesa za kwanza. Analitamka kwa mdomo uliobana kidogo. Nilimfurahia nilipokumbuka lilikotoka. Mjini Paris katika miaka ya 1760, restaurant halikuwa jina la mahali. Lilikuwa jina la supu. Lilimaanisha mchuzi mzito wa nyama wa kumrudishia mtu nguvu, na waliouuza waliwalenga wateja wenye afya dhaifu, waliotaka kuketi kwenye meza yao wenyewe na kula saa waliyotaka badala ya kubanana kwenye meza ya pamoja kwa saa ya mwenye nyumba. Mwanahistoria Rebecca Spang, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu kuzaliwa kwa restorani, anamtaja Mathurin Roze de Chantoiseau kuwa mwanzilishi, na anaitilia shaka hadithi maarufu ya mtu aitwaye Boulanger. Kwa maneno mengine, restorani ya kwanza kuitwa hivyo ilikuwa kile ambacho fundi wa Gikomba anakijua vizuri: mahali pa supu. Nilimwandikia mpwa wangu kwamba kama anataka restorani ya kweli, basi twende tukanywe ya mbuzi asubuhi. Alijibu kwa kikaragosi cha kucheka, lakini hakuondoa pendekezo lake.

Hata hivyo, katika maelezo ya Spang kuna jambo lililomhusu mwenye tiketi moja kwa moja. Kilichoifanya restorani iwe kitu kipya hakikuwa supu tu. Kilikuwa pia ni saa. Mteja ndiye aliyechagua wakati. Bila uhuru huo hakuna anayeweza kula kabla ya pazia.

Sasa nije kwa kibanda na kwa choma, maana hapa ndipo nilipoanza kuona mpangilio. Kibanda, ambacho Nairobi imekiongezea mkia kikawa kibandaski, hakitaji chakula wala huduma, kinataja mabati. Mkia ule wa kuchekesha ni wa heshima kwa namna yake, umekifanya kisionekane cha kusikitisha. Dar es Salaam ilikwenda mbali zaidi ikataja mtu na tendo: mama ntilie. Ntilie ni nitilie, ombi la mwenye njaa akisogeza sahani. Serikali na magazeti yalilisafisha jina likawa mama lishe, na siku hizi kuna baba lishe pia, lakini lishe ni neno la zahanati, na mimi nitabaki na ntilie. Sijui lugha nyingine iliyolipa jina jiko zima kwa sentensi ya mteja.

Sikiliza hiyo ntilie ilivyo na haraka. Hakuna “nipikie” hapo. Chakula kimeshapikwa, kiko sufuriani, kinachobaki ni kutia. Nyama choma ni kinyume chake: unachagua nyama mbichi, inapimwa kwa kilo mbele ya macho yako, inakwenda motoni, na wewe unakaa. Kukaa huko ndiyo starehe yenyewe. Watu wanaolalamika kwamba choma inachelewa hawajaelewa wanachonunua. Choma ni ya mtu ambaye jioni yake nzima iko hapo. Mwenye tiketi akienda choma saa kumi, saa kumi na moja na nusu atakuwa anakula kachumbari na kuangalia mlango wa jikoni.

Basi mgawanyiko unaofaa hauko katika bei, wala katika chakula cha Kihindi dhidi ya cha Kichina au cha Kiswahili, kama vitabu vya watalii vinavyopanga. Uko katika maneno mawili ambayo kila mhudumu wa hapa anayajua: kilicho tayari na cha oda. Ukiingia hotelini ukauliza “kuna nini tayari?”, umeuliza swali la mwenye tiketi. Pilau iko tayari. Maharagwe, mchicha, ugali, kuku wa mchuzi, viko tayari. Samaki mzima wa kukaanga ni wa oda, na hata pale wanapokaanga upesi, yeye mwenyewe hataki kuliwa upesi, ana miiba. Nilimwona mtu mmoja kwenye kikundi akipendekeza samaki wa K'Osewe, Barabara ya Kimathi, na sikuwa na neno baya la kusema juu ya samaki huyo isipokuwa kwamba anastahili saa mbili na mikono yote miwili, na shangazi angevaa nguo nyeupe.

Wapanga istilahi huchukua jina la kitu cha ugenini wakatafuta kisawe chake. Kwa vitu vingi njia hiyo inafaa. Kwa mlo huu inatupeleka kwenye mtego, kwa sababu jina la ugenini linaficha kazi, na kazi imekwisha kugawanywa vizuri na maneno ya jikoni. Mtu anayejua kuuliza kilicho tayari amekwisha kupata menyu ya West End bila kusubiri ichapishwe.

Lilibaki suala la kuweka nafasi, ambalo pia ni la maneno. Kubuki, kuwekesha meza, kuhifadhi nafasi: chagua unalopenda, ila chunga saa. Anayezungumza Kiswahili huhesabu kutoka mapambazuko, na anayepokea simu katika sehemu za bei ya juu mara nyingi huandika kwa hesabu ya Kiingereza. Ukisema saa kumi, kuna vijana watakaoandika kumi ya usiku. Mpwa wangu alipiga simu mahali pamoja akasema saa kumi, akaulizwa kama ni usiku. Akasema alasiri, akaambiwa jiko linafungwa alasiri na kufunguliwa tena jioni. Hapo restorani ikaondoka mezani kwa sababu isiyohusu bei wala fahari. Ilikuwa na saa zake, kama ile meza ya pamoja ya Paris.

Keki ilizua hoja nyingine, na hii niliifurahia kuliko zote. Baadhi ya menyu za Kiswahili huita vitu vitamu vya mwisho “kitindamlo”. Watu huliona ni neno la kubuni, la kwenye kamusi, lakini angalia ukoo wake. Mtoto wa kwanza ni kifungua mimba, wa mwisho ni kitinda mimba. Asubuhi tuna kifungua kinywa, mwishoni mwa mlo tuna kitindamlo. Tumbo la uzazi na tumbo la chakula yamefunguliwa na kutindwa kwa vitenzi vile vile. Kutinda ni kukata. Mombasa na Lamu bado ng'ombe hutindwa pale ambapo wengine tunachinja. Shangazi ni kitinda mimba wa nyumba ya babu yangu, na alifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka akastaafu. Nilipomwandikia kwamba yeye na keki ni neno moja, alijibu kwa sauti ya mwalimu asahihishaye: “Mwanangu, mimi niliwakatia wazazi uzazi. Hiyo keki itawakatia nyinyi mfuko.”

Keki haingii ukumbini, na haikutufaa kuikata kwa haraka. Iliamuliwa ikae kwenye gari na ikatwe nyumbani baada ya onyesho. Nilifurahi kimya kimya, maana ulikuwa mpangilio wa maulidi kabisa, ingawa sikulisema hilo kikundini.

Bakshishi sitaichambua sana. Neno ni la Kiajemi, limetufikia kwa njia ndefu, na wengi wameliacha. “Chai” ingefaa kama isingekuwa imechafuliwa na polisi wa barabarani. “Kiinua mgongo” ni cha mstaafu. Watu husema “baki na chenji”, na wahudumu wanaelewa.

Nilidhani tungemaliza kwa kupata nomino. Binamu mmoja, mpenzi wa kubuni maneno, alileta “kitanguliapazia”, na shangazi akaliwekea alama ya mkasi. Mimi nilikuwa na “mlo tangulizi” mfukoni, nikauacha humo humo. Kilichoshinda ni kitu kidogo zaidi, ambacho nilikuwa nakiona kila siku bila kukihesabu miongoni mwa istilahi. Watu wa jiji hili hawaendi hotelini wala mkahawani wanapotaka kula vizuri. Wanakwenda kwa mtu. Kwa Mathe. Kwa Msomali. Mama Oliech, kule Kilimani, amekuwa jina la mahali, na mwaka 2016 Mark Zuckerberg alipokwenda huko kula samaki na ugali kwa mkono, magazeti hayakuhitaji kueleza ni hoteli au ni restorani. Wafaransa waliotupa restorani nao wana chez yao kwa kazi hiyo hiyo. Ile “kwa” ya silabi moja inamrudisha yule aliyepotea tulipokata tiketi: mwenyeji. Ukila kwa fulani kuna mtu anayejua umekuja, unatoka saa ngapi, na kwamba mzee wako hali pilipili.

Ijumaa usiku mpwa wangu mdogo, ambaye hakuwa amechangia lolote, aliandika ujumbe uliofunga mjadala. Alikuwa amepita mahali katikati ya jiji, mwendo mfupi wa miguu kutoka ukumbini, akazungumza na mama mwenye jiko, akamwambia tuko kumi na mmoja na pazia ni saa kumi na mbili na nusu. “Tukutane kwa Mama Swafia saa kumi ya alasiri. Pilau itakuwa tayari. Tule, twende.” Watu wakaweka vidole gumba. Shangazi aliuliza swali moja tu, kama kuna ndizi mbivu za kulia pilau, na akajibiwa zipo.